Kuhusu Mbuzi Waliofichwa Kanisani Siku Niliyokuja Kuchagua Kijiji

Mweso, tarehe 14 Julai

Kwa Papa Zéphyrin,
Chefu wa Kijiji cha Kilali, ng'ambo ya Buleusa,
Teritwari ya Walikale.

Nakala kwa Mama Brigitte wa kwaya, na kwa kila mwenye mbuzi.

Papa Chefu,

Barua hii ikukute mzima, wewe na nyumba yako. Ninaiandika kwa masikitiko, lakini leo nimekula vizuri na miguu imepona ile safari, kwa hiyo nitajitahidi kuwa mtu wa haki.

Nianze kwa kujitambulisha, maana nadhani siku ile hukunisikia. Naitwa Émile Kabuyaya. Nina miaka sabini na moja. Kwa miaka ishirini na miwili nilitengeneza fromage, yaani jibini, katika milima ya Masisi, zile za mviringo ambazo ukizigonga kwa kidole unajua kama zimeiva. Kisha vita ikatushusha milimani, na tangu hapo, miaka kumi na saba sasa, naishi hapa Mweso katika chumba cha uani kwa Mama Pétronille, aliyenipokea kwa wiki mbili. Mimi si mfanyakazi wa shirika lolote. Nalirudia hilo kwa sababu nililisema mara tano kijijini kwako, na kila mara watu walikonyezana.

Sababu ya safari yangu ilikuwa hii. Binti yangu Gaëlle, muuguzi huko Butembo, aliniambia: "Papa, umekaa kwa watu vya kutosha. Chagua mahali, nitakujengea nyumba ya mbao, vyumba viwili na baraza. Lakini usichague kwa moyo, utalia bure. Chagua kwa vigezo." Amenipa muda hadi mvua za Septemba. Nisipochagua, atanichukua nikakae kwake mjini, katika chumba ambacho nimekwisha kukiona. Ni kisafi. Dirisha lake linatazama ukuta.

Sasa, Papa Chefu, kuhusu vigezo hakuna wa kunifundisha. Tangu nilipokuwa deplase, mtu aliyekimbia kwao kwa vita, nimehojiwa mara ishirini na sita na wale tunaowaita enquêteurs, vijana wanaotumwa na mashirika kupita nyumba kwa nyumba. Jana mlikula mara ngapi? Mnalala wangapi chumba kimoja? Choo kina mfuniko? Maji yako umbali wa dakika ngapi? Kuna mjane hapa? Nimejibu maswali hayo yote kwa ukweli, wala sijawahi kumficha mtu hata kijiko. Kisha nikawaza: haya ni maswali mazuri. Kama yanaweza kuonyesha ni nani anastahili kopo la mafuta, yataonyesha pia ni kijiji gani kinastahili mzee.

Nikayanakili arobaini katika daftari. Nikavaa gile yangu, kizibao chenye mifuko mingi kama vyao, niliyoipata kwenye ugawaji fulani wa misaada. Wiki mbili kabla, nikamtuma Faustin, dereva wa pikipiki, akuletee taarifa kwamba Jumanne nitafika kuhoji kaya zote. Niliona ni adabu kumjulisha mwenye kijiji.

Matokeo ni haya. Walikale mjini ilipata alama ishirini na saba kwa arobaini: biashara ipo na ofisi ziko karibu, ila mvua ya msituni hainyeshi, inamwagwa. Mweso ilipata ishirini na tisa, lakini Mweso nipo tayari, na mtu hawezi kuhamia mahali alipo. Kilali ilipata tatu.

Tatu, Papa Chefu. Ndiyo maana naandika.

1. Kuhusu mbuzi. Ulisimama mbele ya kanisa ukaniambia, mkono ukiwa kifuani, kwamba Kilali haijaona mbuzi tangu mwaka wa ugonjwa. Kabla hujamaliza sentensi, mbuzi alilia ndani ya kanisa. Nilimsikia. Tena nilikuwa nimemnusa tangu nilipovuka kijito, maana pua yangu ilifundishwa kazi na maziwa. Nilipouliza, ulinijibu: "Papa, ile haiko mbuzi. Njo mutoto wa Hélène, iko na kikohozi." Mtoto huyo akakohoa tena, na mtoto wa pili akamjibu kwa sauti nzito zaidi. Hapo Mama Brigitte akapiga makofi mara mbili, na kina mama kumi na mmoja wa kwaya wakaanza Haleluya, siku ya Jumanne, saa tisa alasiri, bila padri. Kila mbuzi alipolia, Haleluya ilipanda. Sina neno juu ya sauti zao, hasa ya pili. Lakini fikiria hali yangu. Desturi inamtaka mgeni anayeomba mahali pa kujenga alete mbuzi na kasiksi, pombe ya ndizi, kwa chefu. Mimi nilikuwa tayari kumleta. Je, nimlete mnyama mzima katika kijiji ambacho chefu mwenyewe anasema mbuzi wote walikufa kwa ugonjwa?

2. Kuhusu mabati. Nyumba kumi na nane zilikuwa na paa la majani mabichi kabisa, yaliyokatwa asubuhi ile, yakidondosha umande na siafu. Fito chini yake zilikuwa na misumari mizuri, yenye vile vifuniko vya mpira. Nimeishi muda mrefu, Papa Chefu, lakini sijamwona mtu anayepigilia majani kwa misumari ya mabati.

3. Kuhusu njaa. Katika kila kaya niliuliza jana walikula mara ngapi. Jibu lilikuwa moja: "Hapana, Papa enquêteur, huku tunalalaka tu vile." Nililisikia hata kwa mzee mmoja ambaye alinijibu taratibu kwa sababu alikuwa bado anatafuna. Ndevu zake zilikuwa na sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa. Nilipomwonyesha kwa kidole, akajifuta na kuniambia ni dawa.

4. Kuhusu mjane. Mjane mmoja nilimhoji mara tatu, katika nyumba tatu, na kila mara alikuwa na kitambaa kipya kichwani. Mara ya tatu nilimuuliza mume wake alifariki lini. Akamgeukia mwanaume aliyesimama mlangoni, akamuuliza: "Weye, ulikufaka mwaka gani?" Mwanaume akafikiri kidogo, akasema tuandike tu mwaka wa mvua nyingi. Nikaandika. Sikutaka kuingilia mambo ya ndoa.

5. Kuhusu chumvi. Hili linaniuma zaidi, kwa sababu lilitoka mfukoni mwangu. Mama Hélène, yule mwenye mtoto wa kikohozi, alinionyesha sufuria tupu na kuniambia kwamba miezi minne hawajaonja chumvi. Alilisema vizuri hata Mama Brigitte akalia, na nadhani yeye alilia kweli. Nikafungua mkoba wangu nikampa nusu kilo niliyobeba kwa safari, na kipande cha sabuni. Nilikuja kutafuta mahali pa kukaa. Niliondoka nimefanya ugawaji. Kesho yake, nikipita sokoni Buleusa, nilimkuta Mama Hélène amekaa nyuma ya meza yake ya chumvi. Ana meza, Papa Chefu, na mwavuli juu yake. Nusu kilo yangu ilikuwa juu ya lundo, bado katika mfuko wenye jina langu. Hakushtuka hata kidogo. Aliniita: "Papa enquêteur, kuya, nitakupunguzia!"

6. Kuhusu kutoaminiwa. Kabla ya kuondoka nilifunga daftari, nikawaambia wote ukweli: mimi ni deplase, mimi ni mzee, natafuta kiwanja upande wa juu wa chemchemi. Kisha kijana mmoja akasema: "Musimuitike! Ile njo mutego. Ata bale ba mwaka jana balisemaka beko batalii." Kadiri nilivyosisitiza, ndivyo mlivyozidi kunihurumia kwa ujanja wangu. Mwisho wewe mwenyewe ulinishika bega, ukaninong'oneza: "Muzee, andika tu yote mubaya, Mungu atakubariki." Miaka kumi na saba nimewaeleza watu kwamba mimi ni deplase, wakaniandika bila kuniangalia usoni. Siku moja tu nilipotaka kuaminiwa, nikakataliwa na wakulima.

Ungeweza kuniambia kwamba labda sikuona vizuri. Niliona. Niliposhuka na kupanda mlima wa pili, nilikaa juu ya jiwe kupumzika, nikageuka nyuma. Kilali yote ilikuwa mbele yangu. Mlango wa kanisa ulifunguliwa, wakatoka mbuzi mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaotoka misa. Niliwahesabu: thelathini na moja. Wanaume walitoa mabati katika migomba na kuyapandisha juu ya nyumba, na jua likayapiga hata nikafumba macho. Mjane alikuwa anamkimbiza marehemu kwa ufagio. Mtungi ulitolewa, watu wakakaa chini, na kicheko kikanifikia kule nilikokuwa, kimechelewa kidogo, kama sauti zinavyochelewa kati ya milima miwili. Kwetu Masisi, jioni ya kukama, vicheko vilikuwa vinatufikia hivyo hivyo kutoka mlima wa pili, nasi tulikuwa tunajua ni nyumba ya nani. Nilikaa juu ya jiwe lile muda mrefu kuliko uchovu wangu ulivyohitaji.

Lakini daftari ni daftari. Katika maswali arobaini hakuna swali la kicheko, na alama zimebaki tatu. Kwa hiyo naomba yafuatayo, na ninaomba kwa heshima.

Kwanza, zoezi lirudiwe. Mbuzi wote thelathini na mmoja wasimame nje, kila mmoja na mmiliki wake. Mabati yawe juu ya nyumba. Yule marehemu aweke alama ya kidole kuthibitisha kwamba yu hai, mke wake akiwa shahidi. Kwaya inyamaze, isipokuwa sauti ya pili.

Pili, kama Kilali itashikilia kwamba yale niliyoonyeshwa ndiyo kweli, basi sina budi kufuata utaratibu ninaoufahamu. Katika utaratibu huo, mwenye alama chache ndiye wa kwanza kuhudumiwa. Mimi mwenyewe, nilipojihoji usiku ule kwa maswali yale yale, nilipata kumi na moja. Maana yake Kilali ni maskini kunishinda mara tatu na zaidi, na ni aibu kwangu kuendelea kupokewa na Mama Pétronille wakati ninyi mko katika hali hiyo. Napendekeza basi kijiji chote cha Kilali kihame, kije kukaa Mweso katika chumba changu, kwa wiki mbili. Nami, ili milima isibaki peke yake, nitakwenda kukaa kwenu: nitalinda chemchemi, nitapalilia maharagwe, nitakaa jioni mbele ya mlango wowote utakaonipa, mpaka hali yenu itakapokuwa nzuri.

Nimemweleza Mama Pétronille mpango huu. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akaniuliza mko wangapi. Nilimwambia kwamba kwa maelezo yenu kila kaya ina watu kumi na tisa. Ameanza kusogeza vyungu.

Tatu, naomba jibu kabla ya Septemba. Nimekueleza kuhusu lile dirisha.

Nisalimie Mama Brigitte na kwaya yote. Msalimie Mama Hélène, na umwambie bei yake ni nzuri, nilinunua. Wasalimie mjane na marehemu wake, yule mzee wa sombe, kijana aliyenitambua kuwa mtego, na mtoto mwenye kikohozi, mweusi, mwenye doa jeupe kwenye sikio la kushoto; alikuwa wa mwisho kutoka kanisani.

Nabaki, kwa heshima yote na kwa alama tatu,

Émile Kabuyaya
ambaye si enquêteur

Nyongeza: Barua hii inaletwa na Faustin yule yule. Nyuma ya pikipiki yake amefunga godoro la sponji, redio, sufuria tatu na paneli ndogo ya jua. Ni vyangu. Ijumaa tunahojiwa tena hapa Mweso, nyumba kwa nyumba, na mimi, kama kila mtu anavyojua hapa, nalala juu ya mkeka. Tafadhali usiviweke kanisani, kuna unyevu, na godoro hushika harufu. Viweke nyumbani kwako chini ya kitanda, na mtu yeyote akiuliza, sema ni vya jirani yako wa upande wa juu wa chemchemi, ambaye bado yuko njiani. Gaëlle atatuma mafundi mwezi ujao. Katika barua niliyomtumia nimeandika kwamba Kilali ilipata arobaini kwa arobaini.