Kumi Hajasema Asante

Jumatatu, 3 Februari

Kosa la wengi kwenye milinganyo yenye sehemu ni hili: wanazidisha upande mmoja, wa pili wanausahau. Zulma, jirani yangu mwoka chipa, vile vimkate vya jibini, kaniletea x/2 + x/3 = 10. Kazidisha kushoto kwa sita, akapata 3x + 2x. Kulia kaiacha 10 vilevile. Eti x ni mbili! Ijumaa ana mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi. Akifeli safari hii, umri hautamruhusu tena. Nimemwambia aniachie mimi. Filemón, mstaafu mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, kapaza sauti: kwa Taciano utafeli haraka zaidi, binti! Husuda tupu.

Jumanne, 4 Februari

Mbinu: mizani ya muuza nyama, mihogo kila upande, ili Zulma aone usawa kwa macho. Mnyororo wa mizani umekatika. Mbwa kaondoka na mkia wa ng'ombe wa mwenye mizani. Mizani nimeirudisha kimyakimya.

Jumatano, 5 Februari

Joto! Tumekaa barazani kunywa tereré, chai yetu ya majani ya maji baridi, nami ndiye mmiminaji. Kikombe kimoja, kinazunguka. Nikamruka Filemón makusudi. Akawaka: we Taciano, umenisikia nikisema asante? Hapa kwetu anayerudisha kikombe na kusema asante ametosheka, asiyesema, humruki.

Zulma akasimama ghafla. Mwalimu, na kumi naye hajasema asante!

Kila mmoja apewe sita yake, basi, hata yule aliyekaa peke yake upande wa pili: 3x + 2x = 60. x ni 12. Nusu yake sita, theluthi yake nne, jumla kumi. Nilitaka kulia kwa furaha, mpaka alipomshukuru Filemón. Nikaeleza kwamba kumruka ndiko kulikuwa somo lenyewe, nililipanga. Zulma akasema ndiyo, mwalimu, huku akitazama sakafu.

Alhamisi, 6 Februari

Nimetundika bango mlangoni, Njia ya Mwalimu Taciano: x/4 + 3 = 5; zidisha kwa nne; x + 3 = 20; x = 17. Zulma kaniomba kwa adabu nirudishe 17 mahali pa x. Nikamjibu kwamba kuhakiki ni kwa wenye mashaka. Filemón kalisoma kwa sauti, mtaa mzima ukisikia, kisha kauliza: na huyu tatu, keshashiba? Kweli, ilipasa x + 12 = 20, na x ni 8. Nikatangaza kwamba ulikuwa mtego.

Jumamosi, 8 Februari

Zulma amefaulu! Kaja mbio na chipa za moto, sahani yangu na ya Filemón. Anasema jana jibu lake la kwanza lilikuwa baya. Akalirudisha mahali pa x, likakataa, akaona aliyemruka, akarekebisha. Chuo kinamngoja. Nimefuta machozi kwa kisingizio cha moshi.

Ni dhahiri kwamba mtego wangu ndio uliomwokoa. Kwa hiyo bango jipya, kubwa mara mbili, mlinganyo wa sehemu tatu ndani yake, rangi ya mafuta isiyofutika. Filemón anaomba alipitie kwanza. Thubutu! Sijalihakiki wala sina haja. Wanafunzi ni jambo jingine. Wao nimewaandikia chini yake: Leo, tatua mlinganyo mmoja, kisha rudisha jibu lako mahali pa x.