Ombi la Lundo Langu la Mboji Kutangazwa Kuwa Madini

Kitongoji cha Mwagulanja,
Ushirombo.
Oktoba, mvua ikiwa njiani.

Kwa Mzee Telesphori, Mwenyekiti wa Kitongoji,
na kwa wakazi wote watakaosomewa barua hii.

YAH: KUPORWA NA KUSAGWA KWA LUNDO LA MBOJI, NA HATUA ZINAZOTAKIWA KUCHUKULIWA

Wanamapambano wenzangu wa jembe na ndoo, ninyi mnaomenya ndizi asubuhi na kutupa maganda barabarani jioni bila kujua kwamba mnatupa ukombozi wenu! Na wewe, Mzee Mwenyekiti, shikamoo.

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza. Hata hivyo, kwa kuwa katika kitongoji chetu jambo linalojieleza ndilo hupewa tafsiri nyingi kuliko yote, naomba kwa heshima niruhusiwe kulieleza tangu mwanzo.

Mimi ni Nyamizi, binti wa Mama Athanas anayeuza mchicha na nyanya kando ya njia ya kisimani. Nasoma sayansi ya siasa chuo kikuu, mwaka wa pili, na niko nyumbani kwa likizo. Niliporudi nilimkuta mama akilalamika kwamba matuta yake yamechoka, mchicha unatoka mwembamba kama nyuzi, na mbolea ya dukani haishikiki. Nikamwambia aniachie mimi. Nikamsihi asinunue chochote. Anipe tu maganda ya jikoni, mabua ya shambani na subira ya likizo moja. Mama alinitazama, akasema, akiniita "mama" kwa kilugha chetu kama afanyavyo akinibembeleza, "Haya, mayu. Mradi mvua isiyakute matuta yangu yakiwa na njaa."

Ahadi ile ndiyo inayonifanya niandike. Miche ya nyanya imerefuka kitaluni hadi imeanza kuinama, mawingu yanajikusanya kila alasiri, na mbolea niliyomwahidi mama iko mwaloni, pale wachenjuaji wanaposagia mawe na kuoshea mchanga wa dhahabu. Nusu yake imelundikwa chini, na nusu nyingine imo ndani ya tumbo la karasha, ile mashine yao ya kusaga mawe.

Imefikaje huko? Fuatana nami, Mzee, katika malalamiko yafuatayo.

1. Nilituhumiwa utajiri. Nilijenga lundo langu kwa kufuata kanuni: mabua chini, maganda juu yake, samadi, majivu, udongo kidogo, halafu unaanza tena, tabaka juu ya tabaka. Darasani tunafundishwa kwamba tabaka la juu hulikandamiza la chini hadi yote mawili yaoze. Katika lundo langu ni hivyo hivyo, isipokuwa kwamba hapa kuoza kuna faida. Nikalimwagilia maji, nikalifunika kwa turubai, nikachomeka kijiti kirefu katikati. Kila asubuhi nilikichomoa, nikakishika kiganjani kupima joto, na kilipokuwa cha moto nilitabasamu. Kulipopambazuka, lundo lilifuka moshi mwembamba. Popote pengine katika jamhuri hii mpita njia angesema, huyu anatengeneza mbolea. Lakini Masele, kijana mchimbaji anayepanga nyumba ya pili, alisimama uzioni na wenzake akatangaza, "Oyaa, dada msomi analoweka marudio! Oneni moshi. Dawa imeshaanza kula." Marudio, kwa wasiojua, ni mchanga wa dhahabu uliokwisha kuoshwa mara moja na sasa unatafutiwa mabaki yake. Nikamjibu kwa upole kwamba ni maganda ya ndizi. Akacheka hadi akashika uzio. "Sawa, dada, maganda. Hata mimi huko shimoni, duarani, huwa nachimba viazi."

2. Nilipokanusha kwa upole, wakasema mzigo wa dhahabu ni mkubwa. Nilipokanusha kwa ukali, wakasema ni mkubwa sana. Ndani ya juma moja mama yangu, ambaye siku zote alisalimiwa kwa nyusi, akawa anaamkiwa na watu wazima wenye wajukuu. Noela wa nyumba ya kona alikuja na karai la udongo kutoka uani kwake, akaomba nimsaidie kuuchomeka pembeni, "hata ukitoa kidogo, mdogo wangu, sitakuwa na neno." Kiongozi wa kwaya, Ndugu Valerian, alipita kuuliza kama familia inatarajia kutoa shukrani yoyote kanisani, na kama inatarajia, iwe kabla au baada ya kwaya kupata sare mpya. Nilimpeleka lundoni, nikafunua turubai, nikamwonyesha ganda la muhogo. Alilitazama kwa unyenyekevu mkubwa, akasema Mungu huficha vitu vyake mahali pa ajabu.

3. Jumamosi, tulipokuwa kwenye jumuiya nyumbani kwa Mama Festo, tukisali hasa kuombea amani ya kitongoji hiki, Masele na wenzake wawili walikuja na guta na viroba wakalizoa lundo lote. Tuliporudi tulikuta alama za matairi, na maganda yaliyodondoka yakionyesha njia hadi mwaloni bila haja ya upelelezi wowote. Waliniachia kijiti. Kilikuwa kimesimama peke yake katikati ya uwanja mtupu, bado kina joto. Sijawahi kuona dharau iliyosimama wima namna ile.

4. Wakalimimina ndani ya karasha. Mzee Mwenyekiti, karasha limeumbwa kwa ajili ya mwamba. Mwamba hupasuka na kwisha. Ganda la ndizi hujizungusha. Vigunzi vikaziba koo la mashine, mabua yakajisokota kwenye mkanda, na harufu iliyotoka iliwafanya wanaume walioshuka chini ya ardhi maisha yao yote wakimbie juani. Ndipo Edson, mwenye karasha, akaitisha kesi. Hakumuuliza Masele lolote. Aliagiza niitwe mimi. "Mzigo ni wa nani?" Nikajibu kwa uaminifu wa mtu aliyelelewa vizuri kwamba ni wangu. "Basi ingia utoe maganda yako," akasema. "Na haya yaliyobaki chini siyaachii mpaka mashine ilie." Nimesoma historia ya ukoloni tangu mwanzo hadi mwisho wake. Hakuna ukurasa niliopata kuona mnyang'anywa akiitwa kuja kumfanyia usafi mnyang'anyi.

5. Hili naliandika nikiwa nimesimama, kwa adabu, kwa sababu linakuhusu wewe. Nilikuja nyumbani kwako kutoa taarifa. Ulinipa kigoda, ukafunga mlango, ukamwambia Mama Evelina azime redio, kisha ukaniinamia. "Mwanangu, niambie mimi kama baba yako. Dhahabu imesoma ngapi kwenye kipimo?" Nikasema, Mzee, ni maganda. Ukatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyekabidhiwa siri ya nchi, ukaniahidi kwamba hutamwambia mtu. Kesho yake nilikukuta mwaloni umechuchumaa, unafunga gao la mboji yangu katika leso nyeupe. Uliponiona ulisema ni kwa ajili ya uchunguzi. Natumaini uchunguzi umekamilika, na namwombea Mama Evelina sabuni ya kutosha.

Hayo ndiyo malalamiko. Sasa hoja.

Nimetafakari sana, nikiwa nimekaa karibu na kile kijiti, na nimekubali kushindwa. Siwezi kuwashawishi wananchi kwamba lundo si dhahabu. Elimu yangu yote imegonga mwamba kwa Masele. Kwa hiyo nasalimu amri, lakini kwa masharti: ikiwa ni madini, basi litendewe kama madini! Haiwezekani kitu kiporwe kwa heshima ya dhahabu halafu kilindwe kwa heshima ya takataka.

Naomba basi serikali yako ya kitongoji ilitangaze lundo la mboji kuwa madini, kuanzia tarehe ya barua hii. Bikoni zisimikwe katika pembe zake nne. Mgambo mmoja awekwe zamu, mwenye rungu, hususan dhidi ya kuku, ambao kwa kuparua kwao wamekuwa wakifanya utafiti bila leseni tangu enzi. Mbuzi wako yule mweusi, Mzee, ambaye kila anapopita hula akiba ya maganda kabla haijafika lundoni, atambuliwe rasmi kuwa mvamizi.

Na tusiishie hapo, maana mapinduzi ya nusu ni usingizi tu. Kaya yoyote itakayotupa maganda barabarani ihesabiwe kwamba imetorosha rasilimali. Kwenye harusi na misiba, mahali panapomenywa ndizi nyingi kuliko pengine popote, awepo ofisa wa kupima maganda, na mgeni asiruhusiwe kuaga kabla hajapekuliwa mifuko. Jumapili ya mavuno, kiroba cha mboji kipelekwe altareni kwa maandamano pamoja na kuku na mahindi, kwa kuwa mahindi hayo yasingekuwepo bila kiroba hicho, na Padri akibariki avute pumzi kwanza. Na hatimaye, ndugu zangu, tuweke msimamo ambao wajukuu wetu watausimulia: ganda ghafi lisivuke tena mpaka wa Mwagulanja kwenda kulishwa ng'ombe wa Kahama! Tumechoka kuwa watoaji wa maganda na wanunuzi wa mchicha!

Najua wapo watakaosema nimevuka mpaka. Nawauliza: mliwahi kuona nani akisimama getini mwa mgodi akasema ulinzi umezidi? Kwa nini basi uzidi penye chakula? Shimo la dhahabu linalindwa na watu ambao jioni wote wanakuja kwa mama yangu kuuliza kama kuna mchicha. Siku mchicha utakapokosekana, watakula nini, bikoni?

Hapo naomba niache kupaza sauti kidogo. Mama hajanilaumu hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma. Jana jioni nilimkuta kitaluni akiufungia kila mche ulioinama kijiti chake kwa uzi aliouchomoa kwenye khanga ya zamani. Nikamwambia nitairudisha mbolea. Akasema, "Itasubiri, mayu." Miche haijui kusubiri, Mzee. Mvua nayo haijui. Kati ya yote niliyoomba humu, hata ukiyakataa yote, hili moja usilikatae: mabaki yaliyo mwaloni yarudi kwenye matuta ya mama kabla ya tone la kwanza.

Nikiwa mwananchi mtiifu kwa kila kitu isipokuwa uonevu, nakutakia utekelezaji mwema. Nisalimie Mama Evelina, wazee wa baraza, Ndugu Valerian na kwaya yake hata bila sare, Noela na karai lake, Edson na mashine yake iliyokwama, na Mama Festo, ambaye chai yake ilikuwa nzuri kiasi cha kutufanya tuchelewe kurudi nyumbani. Hata Masele msalimie. Mwambie namchukia kiitikadi tu, si kibinafsi.

Kikao cha kudai mabaki hayo kitafanyika uani kwetu Jumapili hii baada ya misa ya pili, saa sita mchana. Kila kaya ije na ndoo moja ya maganda, ili lundo jipya lianze siku hiyo hiyo. Mapambano yanaendelea!

Nyamizi Maige

Nyongeza: Barua hii nilikuwa nimeshaikunja, Masele akaja mwenyewe, kofia mkononi, kuomba radhi. Anasema katika karai la mwisho waliloosha kabla Edson hajawafukuza, aliona kitu. Amenionyesha. Kimefungwa katika karatasi ya pakiti ya sigara: chembe moja, ndogo kuliko mbegu ya mchicha, na njano kabisa. Haiwezi kuwa imetoka kwenye ganda la ndizi. Hilo nimelithibitisha kisayansi, kwa kufikiri. Imetoka kwenye udongo niliotumia kufunikia maganda yasitoe harufu, na udongo huo niliuchimba kwa mkono wangu katikati ya bustani ya mama.

Kwa hiyo naomba malalamiko namba moja hadi tano yasomwe kama pongezi. Masele si mporaji, ni mtafiti, na Edson nitamzibulia karasha lake kesho alfajiri bila kuitwa. Lile ombi la bikoni libaki kama lilivyo, ila zihamishiwe bustanini. Sare za kwaya zinazungumzika. Noela aambiwe kwamba udongo wake haukuwemo. Leso yako, Mzee, usiifue.

Kufikia jioni hii mimi na Masele tumekwisha kuyafukua matuta yote ya nyanya. Miche tumeiweka kando, kwa heshima. Limebaki tuta moja la mchicha, ambalo mama amelikalia tangu adhuhuri, miguu ameinyoosha, rozari mkononi, na hasikii hoja yoyote ya maendeleo. Nimemweleza uchumi, nimemweleza historia, nimemweleza haki ya vizazi vijavyo. Amenijibu, "Chimba, mayu. Anzia hapa nilipokaa." Naomba ofisi yako itume mtu wa kumwelimisha.

Kikao ni kile kile, Jumapili, saa sita mchana. Msije na maganda. Njooni na sururu, na yeyote anayeweza kumnyanyua mama bila kumuudhi awahi saa tano.