Popo Waliohama Maktaba ya Santa Eufémia

Jumatatu, 3 Juni
Zamu yangu ya mavi tena. Kila jioni Dona Felismina, mfanyakazi mwenzangu, na mimi tunafunika meza za maktaba kwa ngozi kumi na mbili, kwa sababu popo wa juu ya makabati hushuka kula nondo na wadudu wa vitabu, na wakishakula hawaulizi choo kiko wapi. Asubuhi tunafuta. Mgongo umenifia. Leo gulioni nimenunua kifukuza panya: kiboksi cheupe, unakichomeka ukutani, kinapiga kelele ambayo sikio la mtu haliisikii. Muuzaji ameapa kwamba hata popo wanakikimbia. Nimekificha nyuma ya kabati la teolojia. Akili ninayo mimi!

Jumatano, 5 Juni
Ngozi safi! Sikuona hata punje. Nimezikunja zote kwa dakika tano, nikanywa kahawa mbili. Dona Felismina akauliza popo wamekwenda wapi. Nikamwambia labda wamefunga. Akasema nimwondolee utani wangu, yeye na popo hao wamezeeka pamoja.

Alhamisi, 6 Juni
Balaa! Kwamba Dona Felismina anastaafu Ijumaa ya wiki ijayo nilijua. Zawadi aliyoomba sikuijua. Hataki saa, hataki maua. Amemwomba Daktari Otília, yule mtafiti wa popo, aje jioni hiyo na kifaa chake kinachoshusha sauti za popo mpaka sikio la mtu lizipate. "Miaka thelathini na moja nafuta uchafu wao," akaniambia, "na sijawasikia hata neno moja. Nataka waniage, basi." Nikakimbia kuchomoa kiboksi. Nimejigonga kichwa kwenye kabati. Nilistahili.

Jumamosi, 8 Juni
Kiboksi nimekitoa, popo hawajarudi. Wamehamia mnara wa kanisa, ng'ambo ya ua. Nimempigia simu Daktari Otília, nikadai ni swali la binamu yangu. Akaeleza kwamba popo hupiga kelele na kusikiliza mwangwi wake, na kwa mwangwi huo hutambua nguzo, dirisha, hata bawa la nondo. Kelele nyingine ikijaa chumbani ni kama kuwatia upofu. Halafu akauliza huyo binamu ni mjinga wa aina gani. Nikasema wa kawaida tu. Sikula chakula cha jioni, na kilikuwa chewa kwa viazi.

Jumatatu, 10 Juni
Sikukuu ya taifa. Maktaba imefungwa, ufunguo ninao. Daktari ameniazima spika yake inayoiga sauti za popo. Nimemdanganya kwamba ni kwa ajili ya maonyesho. Ina sauti tisa. Nikachagua ya saba, maana taa zake zilirukaruka kuliko zote. Jua likizama nikaielekeza dirishani. Popo wakatoka mnarani, wakafika katikati ya ua, wakageuka wote kana kwamba wametukanwa. Nyumbani ndipo nikasoma karatasi ya maelezo. Ya saba: dume akiwafukuza wenzake, hapa pana mwenyewe. Kwa nini husomi kwanza, Adérito? Kwa nini?

Jumatano, 12 Juni
Sauti ya nne: mtoto akimlilia mama. Wamekuja! Majike watatu wakaingia, wakaizunguka spika, wakazunguka tena. Karatasi inasema kila mama anaijua sauti ya mwanawe. Wakasikiliza, wakaona si wa kwao, wakaenda zao. Nikazima. Nimeshadanganya watu wengi maishani, lakini sijawahi kujiona mwovu namna hii.

Ijumaa, 14 Juni
Keki imeliwa, mkurugenzi amehutubia na kuondoka. Tukabaki watatu. Daktari akawasha kifaa, akasugua vidole mbele ya kifaa hicho kukijaribu. Kikakwaruza krrr, krrr, ingawa vidole vyenyewe hatukuvisikia. Dona Felismina akakipokea kwa mikono miwili. Alikuwa amevaa hereni. Sijawahi kumwona na hereni. Dakika kumi. Ishirini. Kimya kabisa. Uso wake ukaanza kunyong'onyea, nami nikashindwa kuvumilia. Nikasogea nyuma ya kiti chake, nikasugua vidole.

Krrr! Akashtuka. Akasema jamani, wanaongea, wanaongea kweli! Nikasugua kwa nguvu zaidi. Akawa analia huku anacheka, anawaambia kwaherini wanangu, mbaki salama. Daktari akanitazama usoni, kisha akatazama vidole vyangu. Dona Felismina naye akageuka aone Daktari anatazama nini.

Nikaungama yote, kuanzia kiboksi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Aliniuliza tu: "Si ungeniambia mgongo unakuuma, Adérito? Ningefuta mimi." Kisha akatandika ngozi zake sita kwa mara ya mwisho, juu ya meza ambazo hazikuhitaji kufunikwa, akachukua mkoba wake akaenda.

Jumanne, 25 Juni
Popo wamerudi! Mavi kila mahali! Nikapiga simu nyumbani kwa Dona Felismina. Jirani akasema amekwenda Ufaransa kwa bintiye. Nikapiga Ufaransa. Binti akasema mama yupo, ila hataki kuja kwenye simu. Nimefuta ngozi zote kumi na mbili peke yangu, taratibu, na machozi yamenitoka. Mgongo sikuusikia hata kidogo.

Lakini sikati tamaa. Nitamrekodia sauti zao na kumtumia huko huko Ufaransa, azisikilize mpaka achoke. Daktari amekubali kuniazima kifaa, kwa shingo upande. Kikwazo ni njiwa wa dirishani tu, wanaolia jioni nzima na kuharibu rekodi. Safari hii nimefikiri vizuri kabla ya kutenda. Nimenunua bundi wa plastiki, mkubwa, anageuza shingo na kulia kila baada ya dakika moja. Nimemfunga juu ya dirisha lile lile popo wanalopitia. Njiwa wamekimbia papo hapo! Kesho jioni narekodi.