Tulipompelekea Mdachi Posa ya Kazi

Mwaka ule ilipoonekana nyota ya mkia, mwezi wa Shaabani, mpiga mbiu alipita mtaani kwetu Chole akatangaza kwamba boma la Wajerumani linataka karani. Anayejua kuandika kwa herufi za Kizungu akaonane na Bwana Mdachi siku ya Jumatano asubuhi. Akapuliza pembe lake mara ya mwisho, akanywa kikombe kimoja kwangu, akaenda zake. Kazi yake iliishia hapo. Ya baraza langu ndiyo ikaanza.

Nasema langu, ingawa nyumba ni ya mjane mmoja na mimi nina dele la kahawa tu na vikombe sita. Ndiyo maana jina langu la Shaibu limesahauliwa na watu wote huniita Dele. Baraza linatazamana na boma. Mdachi akipiga chafya dirishani sisi tunamwombea afya. Wateja wangu wa kila siku walikuwa watatu. Kombo Mshenga, aliyeoza nusu ya Chole. Hamdu Nasaba, aliyerithi kwa babu yake Mmanga jina refu na minazi michache. Na Muhidini mshona matanga, ambaye ukisema leo Jumatatu atakubishia mpaka iwe Jumanne. Huyo tulimwita Kinyume. Wote watatu walikuwa mafundi wa kueleza namna ya kupata kazi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuajiriwa na mtu.

"Kazi hii ni ya mpwa wangu Mfaume," Kombo akasema kabla pembe halijanyamaza. "Anayetaka kubisha abishe."

"Nabisha," akasema Kinyume.

"Wewe hatukuhesabu."

Kwa kweli hakukuwa na la kubisha. Mfaume alikwisha kukaa Kilwa miaka miwili akiandika kwenye forodha, akarudi baba yake alipofariki, na tangu hapo alikuwa akikandika kuta za watu kwa udongo. Alimtaka Kidawa, binti wa Mzee Shamte wa kisiwa jirani cha Juani, na Kidawa alimtaka yeye. Lakini Mzee Shamte alikuwa amekata shauri: "Simpi binti yangu mtu wa udongo. Akipata kazi ya kueleweka kabla ya Ramadhani, aje. Asipopata, yuko Mbarouk wa Kanga, ana mashua mbili." Ramadhani ilibakiza siku kumi na mbili. Kijana yule nilimpenda, na nilimwonea huruma kwa kuwa mjomba wake alikuwa Kombo.

"Sasa ataendaje bomani?" Hamdu akauliza.

"Kwa miguu," akasema Kinyume. "Boma hilo hapo."

"Peke yake?"

"Kwani mbiu imesema waende wangapi?"

Kombo alicheka kicheko cha kumhurumia mtu. "Yakhe, wewe ulipomtaka mama Saleha ulikwenda ukagonga mlango ukasema nipeni?"

"Nilikutuma wewe."

"Ukapewa?"

"Nikapewa. Na mpaka leo sijakusamehe."

"Basi. Mtu mwenye kwao hajiombei. Akijiombea, watu watasema huyu hana mjomba, hana ami, kaokotwa pwani. Kazi ni kitu cha thamani kilichomo ndani ya nyumba ya mtu. Kitu hicho huposwa. Tunakwenda sisi wazee, yeye anakaa kwao, tunamsemea."

"Lakini Mdachi atamwonaje?" akauliza Kinyume.

"Bi harusi humwona bwana harusi kabla ya ndoa?"

"Na mimi nitamsomea ukoo," Hamdu akadakia. "Mdachi akisikia babu wa nane, kwisha."

"Mfaume ana babu wa nane?"

"Nitamwazima wangu."

Mfaume mwenyewe akatokea, udongo mpaka viwikoni, akatuamkia shikamooni, nasi tukaitikia marahaba. Alikuwa ameisikia mbiu na macho yalikuwa yakimng'aa. Akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya kitambaa.

"Mjomba, ninayo barua ya Mdachi wa Kilwa. Inasema nilifanya kazi vizuri miaka miwili. Nitampa huyu wa hapa aisome."

Kombo alimpokonya ile barua kama anayemwondolea mtoto kisu. "Umemwonyesha nani?"

"Sijamwonyesha mtu."

"Alhamdulillahi! Mtu anakwenda kuposa na talaka ya mke wa kwanza mkononi?"

"Si talaka, mjomba. Ni sifa."

"Kama alikusifu, mbona mmeachana?"

Kombo akaikunja barua, akaificha ndani ya kofia yake, akaivaa kofia.

"Mjomba," Mfaume akasema, "nikiikosa kazi hii Kidawa anaolewa Kanga."

"Ndiyo maana tunakwenda sisi," akasema Kombo. "Wewe kaa kwenu, oga, jifukize udi."

"Kujifukiza kwa nini, nami sendi?"

"Kwa adabu!"

Jumatano wakaja wamevaa. Kombo alivaa kanzu mbili, moja juu ya nyingine. Hamdu alivaa joho la babu yake, na lilikuwa na tundu mgongoni alilolifunika kwa kutogeuka. Kinyume alisema hendi, kwa hiyo tukajua anakuja. Mimi nilichukuliwa kubeba dele, nikaona heri, maana siku hiyo wateja wangu wote walikuwa wanakwenda huko huko.

Nje ya mlango wa boma alikaa kijana wa Kilwa, peke yake, amevaa viatu, kalamu yake mwenyewe mkononi.

"Maskini," Kombo akaninong'oneza. "Hana hata mjomba."

Bwana Mdachi alikuwa mtu mwekundu, mwembamba, na Kiswahili alikijua. Alitazama wazee watatu na dele moja vikiingia, akaweka kalamu chini.

"Nani anataka kazi?"

Kombo hakuwa mtu wa kukimbilia maneno. Alimuuliza kwanza hali yake, kisha hali ya nyumbani kwake Udachi, kisha wazee wake, kisha mvua za huko. Ndipo akakohoa.

"Bwana, sisi tulikuwa tunapita. Tukaiona nyumba yako inapendeza, tukasikia ndani yake mna kitu. Na sisi kwetu tuna kijana."

"Yuko wapi?"

"Yuko kwao."

"Kwa nini yuko kwao?"

"Kwa sababu ana adabu."

Mdachi akanitazama mimi, sijui kwa nini. Nikammiminia kahawa.

"Anajua kuandika?"

Kombo akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Wako wanaomshinda, bwana."

"Anaandika vibaya?"

"Anaandika vizuri sana!" akasema Kinyume, akafinywa paja.

"Amewahi kufanya kazi hii mahali pengine?"

Kombo akajishika kifua. "Toba! Hajawahi, bwana. Hajaigusa. Wewe ndiwe wa kwanza."

Mdachi akaandika neno kwenye karatasi yake. Mimi Kizungu sikisomi, lakini neno lenyewe lilikuwa fupi. Hamdu akaona ndipo mahali pake. Akasogea mbele, akaanza ukoo, na alikuwa amefika kwa babu wa tano, yuko baharini anatoka Maskati, Mdachi alipoinua mkono.

"Sikilizeni. Kijana aje. Aandike ukurasa mmoja mbele yangu. Akiweza, ataanza leo."

Nilimwona Kombo anabadilika uso.

"Leo?"

"Leo."

"Leo hii hii?"

"Adhuhuri nafunga shauri. Na kuna mwingine anangoja nje."

Kombo akainuka polepole, akajikung'uta kanzu zote mbili. "Bwana, tumeshukuru. Tutakwenda kushauriana na jamaa zetu, kisha tutakuletea jibu baada ya siku saba."

"Jibu gani?" Mdachi akapaza sauti. "Mimi siwaombi nyinyi! Nyinyi mnaniomba mimi!"

"Ndivyo wasemavyo wote," Kombo akamjibu kwa upole, akavaa viatu vyake mlangoni.

Tulipofika barazani hakukalika. Kombo alikuwa anahema.

"Mmemwona? Kakubali kabla kahawa haijapoa! Mimi nimeoza watu miaka thelathini. Nyumba ikikupa siku ile ile, jua ndani mna kilema."

"Na kututajia mchumba mwingine usoni petu!" akasema Hamdu.

"Hata mbiu wamepiga. Binti wa watu hupigiwa mbiu?"

"Hapo kweli," akasema Kinyume.

Hapo ndipo nilipoogopa. Tangu nimjue Kinyume, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana na mtu.

Mfaume alikuja mbio. Alikuwa amechoka kujifukiza udi, akaenda kukandika ukuta wa mama yake, na sasa alinukia udi na udongo kwa pamoja. Shikamoo ilimtoka nusu.

"Kasemaje?"

"Kakubali," akasema Hamdu.

"Kakubali! Nimepata kazi?"

"Ulikuwa umepata," akasema Kombo. "Lakini upesi mno. Tumekataa."

Yule kijana alitutazama mmoja mmoja. Nilitamani dele lile linifunike.

"Mmekataa?"

"Tumeahirisha. Siku saba. Tuipeleleze kwanza hiyo kazi, tujue ilikuwa na nani kabla yako na kwa nini ikaachwa."

"Mjomba, baada ya siku saba yule wa Kilwa niliyemwona mlangoni pa boma atakuwa ameandika daftari zima! Na Kidawa je?"

"Mke hupatikana."

Mimi si mtu wa kuingilia maneno ya wateja. Nikiingilia, wanakwenda kunywa kwa mwingine. Lakini nilishindwa. "Mfaume," nikasema, "Mdachi kasema mpaka adhuhuri. Na jua lile hapo, adhuhuri bado."

"Dele!" Kombo akaniita kwa ukali, kama nimetukana.

Mfaume akanyoosha mkono. "Mjomba, barua yangu."

"Barua gani?"

Ndipo ulipofanyika utovu wa adabu uliosimuliwa Chole mwezi mzima. Mfaume alimvua mjomba wake kofia mbele za watu, akachukua barua, akamvika tena, na akaiweka sawa. Akanawa mikono kwa maji yangu ya kahawa, yote, akavuka kiwanja kwenda bomani, miguu mitupu.

Dirisha lilikuwa wazi. Tukategesha masikio.

"Wewe nani?" ilikuwa sauti ya Mdachi.

"Mfaume bin Mwinyi. Nimekuja kutaka kazi."

"Bila salamu!" Hamdu akanong'ona.

"Najua kuandika vizuri. Hesabu najua. Nimefanya kazi forodha ya Kilwa miaka miwili, na barua yangu hii."

"Katajaaa!" Kombo akajifunika uso kwa mikono miwili. "Kamtaja Mdachi wa Kilwa! Na kujisifu juu! Nitauweka wapi uso wangu?"

"Pale pale ulipo," akasema Kinyume, ambaye alikuwa amerudia hali yake.

"Wazee wamesema hujawahi kufanya kazi," Mdachi akasema.

"Wazee wananipenda, bwana. Ndiyo tabu yenyewe."

Tukasikia Mdachi anacheka. Miaka yote ya baraza lile hatukuwahi kusikia kicheko kutoka dirisha lile. Kisha yule wa Kilwa akaitwa ndani naye, tukasikia kalamu mbili zinakwaruza. Mimi nilisahau makaa yangu mpaka yakazimika. Hata Kombo, aliyejidai kutazama upande wa pili, nilimwona midomo ikimcheza kwa dua.

Mwadhini alikuwa anakohoa kujiandaa, kijana wa Kilwa alipotoka. Alikuja mpaka barazani, akavua viatu, akaomba kikombe.

"Chombo cha kurudi Kilwa kinaondoka lini?" akauliza.

Hamdu alipiga kelele iliyomwamsha mjane ndani. Kinyume alinikumbatia, akanimwagia kahawa. Kombo peke yake ndiye aliyetulia. Alinyoosha kanzu, akaikaza kofia, akakohoa kwa heshima.

"Si niliwaambia? Adabu haipotei. Mdachi kaona watu wa maana wametangulia, kijana akapokelewa vizuri. Sasa kazi moja imebaki. Kesho asubuhi tunavuka Juani kwa Mzee Shamte. Hamdu, joho lishonwe. Dele, lisugue dele mpaka ling'ae."

Kichwa cha Mfaume kikachomoza dirishani, kalamu sikioni.

"Mjomba! Juani msiende! Nakwenda mwenyewe, leo alasiri, nikitoka kazini!"

Dirisha likafungwa. Kombo akabaki amesimama, kisha akakaa taratibu, akaushika mkono wangu badala ya kikombe.

"Mmesikia wenyewe," akasema. "Hajamaliza hata siku moja, na keshakuwa Mdachi."