Vitafunio vya Afya na Meno ya Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Mei
Mke wangu amepiga marufuku biskuti nyumbani. Yeye ni muuguzi, na mama yake, anayekaa nasi, ameambiwa apunguze sukari. Shemeji, kaka wa mke wangu, akaleta juisi yake ya mboga. Wote wakamsifu. Juisi yenyewe ina rangi ya maji yaliyofuliwia sare za shule. Nikatangaza kwamba vitafunio vya familia sasa nitavitengeneza mimi. Oti, karanga, tende, ufuta. Binti yetu akauliza kama nimewahi kupika chochote. Nikajitia hamnazo.

Jumanne, 7 Mei
Nimeoka. Harufu safi. Nilipokata, vipande vyote vikamomonyoka. Nikasema ndivyo vinavyoliwa, kwa kijiko. Shemeji akala kijiko kimoja, kisha akaniuliza kwa upole kama kuku wa kulishwa chakula hiki nimeshawanunua.

Jumatano, 8 Mei
Nimeongeza tende hadi mwiko ukasimama wenyewe. Nimeoka mara mbili ili vishikamane. Vimeshikamana. Kisu kimepinda.
Mama mkwe, kwa huruma tu, akauma kipande. Alipokitoa kinywani, meno yake ya bandia yakatoka nacho. Akasema jambo refu ambalo hatukuambulia neno. Binti akatafsiri: Bibi anasema ndoa alishakusamehe, hili bado.
Meno na kipande vimelowekwa pamoja kwenye maji vuguvugu. Baada ya chai, meno yaliachia. Kipande hakikubadilika.

Ijumaa, 10 Mei
Siwezi kushindwa na mtu wa juisi. Nilikuwa na paketi za biskuti za chokoleti ndani ya buti langu la mvua. Nikazisaga zote, nikatia oti kidogo kwa ajili ya dhamiri.
Vikatoka vizuri ajabu. Binti akalamba vidole. Mke wangu akanitazama kama enzi za uchumba. Shemeji akaisogeza juisi yake pembeni. Ushindi mtamu sana.
Kisha mama mkwe akanyoosha mkono.
Nikamwambia vya leo vitamsumbua meno. Akasema anaviona laini. Akachukua kimoja. Nikamnyang'anya, nikakila. Akachukua kingine. Nikakila. Nikamaliza sinia zima nimesimama, mbele ya wote. Shemeji akasema hajapata kuona mkono wa birika wa namna hii. Mama mkwe akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.
Mke wangu akaokota chembe kwenye sinia, akaionja.
"Hii ni biskuti," akasema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Jumamosi, 11 Mei
Tumbo. Sijainuka kitandani.
Mama mkwe ameniletea uji usio na sukari. Akakaa, akasema sasa ameelewa nilikuwa namkinga. Hajawahi kuona mtu akijivimbisha hivi kwa ajili yake. Nikakaribia kulia. Akatazama mlangoni, akaniuliza kwa kunong'ona kama zimebaki ngapi. Nikasema hakuna. Akaondoka na uji wake.

Jumapili, 12 Mei
Mke wangu amenikataza kukanyaga jikoni. Juisi ya shemeji imerudi mezani, naye ana uso wa mtu aliyeshinda uchaguzi.
Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: oti zilizidi.
Na mke wangu alisema jikoni tu. Uani hakukutaja. Jiko la mkaa limeshakolea.