Namna Kalenda Mpya Ilivyopokelewa Bukavu

Umma wote wa Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Bagira, na hata wale wa mji mdogo wa Miti ambao habari huwafikia zikiwa zimepoa, unajulishwa kwa furaha kwamba Wakati umepangwa upya. Kazi hiyo ilifanywa na Idara ya Rendevu na Mienendo ya Raia, mwaka 2002, vita vikiendelea, na hakuna aliyejeruhiwa. Mimi Ezéchiel, Mkurugenzi Msaidizi, nilikuwepo tangu mwanzo. Ninaandika kwa Kiswahili bora, kama inavyoipasa serikali. Maneno ya raia nimeyaacha yalivyotoka mdomoni, njo badala ya ndiyo, bita badala ya vita, kwa kuwa hatukuwa na bajeti ya kuyasahihisha.

Kwa asiyetujua: wakati ule mtu hakuweza kutoka mjini bila ruhusa ya njia. Ruhusa ilitolewa na Mkurugenzi peke yake. Mkurugenzi haonekani bila rendevu, yaani miadi. Mpango huu ulipunguza sana ajali za barabarani na za majini, maana safari nyingi ziliishia kwenye korido yetu.

Rendevu zote zilikuwa ndani ya kompyuta tuliyopewa na shirika moja la misaada, pamoja na antena. Mwezi wa tatu, Laurette, injinia wa shirika hilo, akaja kutuambia kwamba programu yetu ya barua pepe imezeeka na lazima ibadilishwe. Akaweka mpya. Ilikuwa nzuri, yenye rangi ya ziwa asubuhi. Lakini alipoondoka tukafungua kalenda na kukuta kitu kisicho cha kawaida. Ile ya zamani ilionyesha wiki nzima. Hii ilionyesha siku moja tu: leo.

Mkurugenzi wetu, Papa Gaston Murhula, aliitazama kwa muda, mikono mgongoni. Sekretari Georgette alibonyeza hapa na pale, leo ikabaki leo.

"Muiache," akasema Mkurugenzi. "Idara itatoa rendevu kwa siku zinazoonekana tu. Hatuwezi kuahidi raia vitu ambavyo hatuna."

Ubaya wake, leo ilikuwa imejaa kila siku. Ilijaa kikao chetu kuhusu programu mpya.

Ndipo akaja Maman Nsimire. Ni mama wa Kadutu anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mwenye sauti ya kupita sokoni bila kusukumana. Alisimama mbele ya meza ya Georgette na kitambaa chake cha kichwa kimefungwa vizuri, kama mtu wa kanisani.

"Maman Georgette, mutoto wangu Chancelle anaolewa Minova, samedi ya kwanza ya mwezi wa tano. Ni yeye tu njo alibakia kwa nyumba. Minaomba rendez-vous ya kesho, nione Directeur."

"Maman, kesho haiko."

Maman Nsimire akashika kifua. "Kesho haiko? Bita inarudia?"

"Hapana, maman. Ni ordinateur," akasema Georgette, akiionyesha kompyuta.

"Ah! Aksanti Mungu," akasema, akakaa kwenye korido. Alikaa hapo siku nyingi. Asubuhi anauza sambaza, halafu anakuja kuuliza kama kesho imepatikana. Watu wa korido wakaanza kumwekea nafasi. Mara moja nilimwona anajifuta macho na pembe ya kikwembe alichojifunga. Nilipomuuliza, akaniambia kuna vumbi. Ilikuwa inanyesha.

Mwishowe Mkurugenzi aliunda Tume ya Mitazamo, mimi nikiwa mwandishi wake, na Laurette akaitwa kutoa ushuhuda. Alikuja na buti zenye matope ya barabara ya Kavumu, akainama, akabonyeza mara moja. Wiki ikatokea. Akabonyeza tena, mwezi mzima ukatokea.

"Tu hivyo?" akauliza Georgette.

"Tu hivyo," akajibu Laurette.

Mkurugenzi alitangaza kwamba kubonyeza huko ni kwa muda, hadi Tume itakapokubali. Tume ikakaa. Mtazamo wa siku ukaonekana ni wa watu wasio na imani. Mtazamo wa wiki ukaonekana unafaa shule. Tukachagua mwezi, kwa sababu kiongozi huona mbali.

Halafu ikaja hoja ngumu. Kompyuta ilitaka kujua tunafuata saa ya mji gani, na Bukavu haikuwamo.

"Chagua Harare, Papa Directeur," akasema Laurette. "Saa yabo na yetu ni moja."

Mkurugenzi akamgeukia. Harare ilikuwa imepeleka askari upande mwingine wa vita, kupigana na wakubwa waliotuongoza wakati ule.

"Unataka Idara iamke pamoja na adui?"

"Ni saa tu, Papa."

"Mambo yote yalianza na saa tu."

Mji wa Kinshasa uko nyuma yetu kwa saa moja, tena ndiko vita vyenyewe vilikokuwa vinaelekezwa. Kuhusu mji mkuu wa majirani wa ng'ambo ya mto Ruzizi, waliokuwa na askari wao mjini kwetu, hakuna aliyeutaja. Georgette alikohoa, nami nikafunga dirisha. Kisha Mkurugenzi akaona Cairo. Uso ukamng'aa. Cairo haijamtukana mtu hapa. Hata Familia Takatifu, alipowakimbiza Herode, ilipewa kimbilio Misri, na hakuna aliyewadai ruhusa ya njia.

"Cairo leo iko sawa na sisi," akasema Laurette. "Lakini mwisho wa mwezi wa ine banapeleka saa mbele, juu ya majira ya joto."

"Mademoiselle, sisi tuna mvua na kiangazi. Majira ya joto hayatuhusu."

Ikapitishwa. Laurette alifunga mkoba wake polepole, akaniangalia kama anayenipa pole kwa msiba.

Kwa mtazamo wa mwezi, kila siku ni kisanduku kidogo, na majina hukatika. Siku Maman Nsimire alipoitwa hatimaye, Georgette alisoma kwenye skrini, akasita.

"Maman, hapa kuko Nsi. Weye uko Nsimire."

"Njo mimi."

"Njo weye nusu."

Shauri likapelekwa kwa Mkurugenzi. Akalipima kwa haki. Hakuweza kumnyima Nsi haki yake kwa kosa la kuandamana na mire. Akaamuru ruhusa ya njia iandikwe kama kalenda inavyosema: NSI. Jina la Idara juu kwa herufi kubwa, muhuri chini.

Maman Nsimire aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena. "Inafika Minova?"

"Nsi anafika," akasema Mkurugenzi. "Wengine sijui."

Akashukuru kwa mikono miwili, akatoka mbio asije akaitwa tena.

Wiki hiyo hiyo Mkurugenzi naye alikuwa amealikwa. Biro Kuu, yaani ofisi ya wakubwa wetu huko Goma, ilimwita kwenye mkutano wa kupongeza idara zilizopanga upya kazi zao, na sote tulijua anatafutiwa cheo cha Mkaguzi. Mwaliko uliingia wenyewe katika kalenda: boti ya Ijumaa, saa mbili asubuhi, kiti cha mbele kimehifadhiwa kwa mwakilishi wa Idara. Mkurugenzi alishonesha suti.

Mwisho wa mwezi wa nne, kisanduku kile kikabadilika. Kikasema saa tatu.

"Directeur," akasema Georgette, "wiki ilipita ilikuwa saa mbili."

"Ilipita, umesema mwenyewe."

"Tuulize ku beach?"

"Serikali haiulizi boti saa. Boti ndiyo inayoiuliza serikali."

Ijumaa nilimsindikiza mwenyewe. Tulishuka bandarini kwa heshima, robo saa kabla ya saa tatu kwa saa yake ya mkononi. Ziwa lilikuwa tulivu. Boti ilikuwa mbali tayari, ndogo kama kijiko. Mkurugenzi alitoa karatasi ya kalenda aliyoipiga chapa, akaielekeza kwenye maji. Boti haikugeuka.

"Iliondoka saa mbili, Papa, sawa siku yote," akasema mpakiaji mmoja aliyekalia gunia.

Kilichotokea baharini kwetu, yaani ziwani, tulikipata kwa kumbukumbu za mkutano na kwa dereva wa Biro Kuu aliyekuja baadaye. Maman Nsimire, aliyetaka kushukia Goma na kumalizia Minova kwa barabara, alikuwa amemuuliza nahodha saa ya kuondoka, kama wauza samaki wote wanavyofanya, naye akafika mapema na kapu la zawadi. Nahodha alitazama ruhusa yake, akaona jina la Idara, akatazama kile kiti cha mbele kilicho kitupu.

"Wewe njo wa Idara?"

"Karatasi ni ya Idara," akajibu. Hakusema uongo.

Akakalishwa mbele, kapu magotini.

Goma, ofisa wa protokoli alikuwa akingoja na maua. Akasoma ruhusa: NSI. Hakuna cheo, hakuna jina la pili. Miaka ile wakubwa wa kweli walijulikana kwa majina mafupi. Aliyekuwa na jina refu na vyeo vitatu alikuwa anatafuta kazi. Ofisa akapiga mguu na saluti, akambebea kapu. Maman Nsimire alijaribu kueleza kwamba anaenda Minova, kwa arusi. Akaambiwa bila shaka, gari litampeleka, mkutano ukiisha.

Wakamweka kwenye meza ndefu yenye maji ya chupa. Wakubwa wakazungumza tangu asubuhi hadi njaa. Mwenyekiti akamwomba mwakilishi wa Bukavu aseme neno juu ya kalenda mpya. Maman Nsimire akasimama. Alikuwa akifikiria mtoto wake, na barabara, na giza.

"Kalenda ni muzuri," akasema. "Rendez-vous ziko mingi. Mutu wa kukupokea njo haiko. Kama munaweza, mufungue tu mulango. Mimi natoka, arusi inaningoja."

Akaketi. Kumbukumbu zinasema ukumbi ulipiga makofi marefu, kwa kuwa ilikuwa hotuba ya kwanza siku hiyo iliyofika mwisho wake. Gari lilimchukua. Alifika Minova jua halijazama, na Chancelle, aliyekwisha kukata tamaa, alilia juu ya bega lake hadi wakwe wakaanza kulia nao bila kuulizwa. Jumamosi mtoto akaolewa. Dereva alikula pilau mara mbili, ndivyo alivyotuambia.

Sisi Bukavu tuliletewa barua. Biro Kuu iliipongeza Idara kwa mwakilishi wake NSI, mwenye maneno machache, ikaagiza kwamba kuanzia sasa mikutano yote ihudhuriwe na yeye, na kwamba Mkurugenzi ahakikishe anapata kila msaada. Kuhusu cheo cha Mkaguzi, hawakuandika kitu.

Mkurugenzi alikaa na barua hiyo siku nzima mlango umefungwa. Kesho yake tukapanda Kadutu kwa miguu, yeye na suti yake mpya, mimi nikibeba faili. Maman Nsimire alikuwa uani, anaanika sambaza.

"Karibu, Papa Directeur! Ikala kwanza."

Kiti kilikuwa kigoda. Mkurugenzi akakikalia, magoti yakamfika kifuani. Akala ugali na sambaza alizopewa, maana ukiwa mgeni hukatai, kisha akaeleza shida yake kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Maman Nsimire akafikiri, akigeuza samaki.

"Mimi sikatae. Lakini kama nitaenda kusema juu ya biro, lazima nione biro inatumika namna gani. Nitakuya kila jeudi, mupokee batu bote ba korido, bapate karatasi zabo mbele yangu. Inawezekana?"

"Inawezekana, maman."

"Saa ngapi?" nikauliza mimi, kalamu mkononi, kwa ajili ya kalenda.

"Nikimaliza kuuzisha," akasema.

Kwa hiyo umma unajulishwa kwamba kila Alhamisi Mkurugenzi husimama kwenye ngazi za Idara tangu asubuhi, koti limefungwa vifungo vyote. Nyuma yake mlango uko wazi. Sambaza zikiwa nyingi, hungoja sana.