Muhuri Wangu na Kompyuta Kumi na Nne

Jumatatu, 8 Septemba
Vita! Dipti, binti wa bosi Ghanshyam, kaja na programu mpya ya ofisi. Ataituma kutoka kompyuta moja, iingie zote kumi na nne, ghorofa zote tatu. Barua zitatoka na nembo, saini na muhuri humohumo. Nikamuuliza, na mimi? Kasema, "Babu, wewe utapumzika nyumbani Buguruni." Kupumzika na nani? Kuku? Mimi Uledi nimegonga muhuri wa kampuni hii ya vitenge miaka thelathini na moja! Mchafukoge nzima hakuna mkono ulionyooka kama wangu.

Jumanne, 9 Septemba
Dipti kaagiza kompyuta ziachwe zinawaka, programu iingie. Saa saba watu wakaenda kula. Nikashusha swichi kubwa. Kimya! Raha! Feni nayo ikazima. Na birika langu la chai. Nasma wa mapokezi kanikuta nimelowa jasho, mkono bado uko kwenye swichi. Nikamwambia naokoa umeme wa luku. Kasema bosi atanivalisha nishani. Mdomo ule!

Jumatano, 10 Septemba
Akili kubwa! Programu imeingia usiku, sasa Dipti anataka barua ya mfano. Itakavyokuwa hiyo, ndivyo zitakavyotoka karatasi zote. Nikambembeleza Nasma aongeze mstari chini: "Si halali bila muhuri wa Mzee Uledi, kwa mkono wake." Kacheka mpaka kakaa sakafuni. Kaandika. Dipti kaituma bila kusoma mpaka chini. Vijana hawasomi! Mimi pia sisomi sana, lakini mimi tatizo ni macho.

Alhamisi, 11 Septemba
Ushindi! Mstari uko kote. Foleni mpaka ngazini. Risiti, barua, tangazo la choo kibovu. Beno wa stoo, adui yangu, kaleta karatasi mia mbili. "Gonga, mzee. Sheria yako hiyo." Alasiri mkono umeumuka kama andazi. Mara ya mwisho nikagonga shati la Beno. Mzigo wa vitenge wa kwenda Tabora haukuondoka, karatasi zake hazijagongwa.

Ijumaa, 12 Septemba
Mkono haushiki kijiko. Bosi kapanda ngazi mwenyewe. Nikajua basi, Buguruni, kuku. Dipti kabonyeza mara moja, mstari ukafutika kompyuta zote! Nikatazama viatu vyangu. Kisha kanisogezea karatasi moja, fomu ya likizo. Mstari wangu upo! Kasema huo wameuacha, baba yake karidhia, na kiti changu kinabaki. Eti likizo bila muhuri wa babu haina baraka. Nasma kanikanda mkono huku ananitukana polepole. Sikulia. Vitenge vina vumbi.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimefikiri sana. Kosa halikuwa langu. Kosa ni la muhuri, mdogo mno. Nimepita Msimbazi kwa mchonga mihuri, nimeagiza mwingine, mkubwa, wa kushika kwa mikono miwili. Jumatatu Nasma ataongeza mstari kwenye fomu: mihuri miwili, yote ya Mzee Uledi. Na huyo Beno, likizo ataisikia redioni.